Chardonnay ya pipani kutoka Elgin na Hemel-en-Aarde: ipi ununue kwanza

Chardonnay, mvinyo mweupe wa zabibu za jina hilohilo, iliyochachukia pipani lakini ikabaki na uchachu safi wa zabibu za maeneo ya baridi, si lazima itoke Burgundy kule Ufaransa. Afrika Kusini inayo, na kwa bei inayobebeka zaidi. Soma jina la eneo kwenye lebo: Elgin, uwanda wa matufaha ulio mashariki mwa Cape Town, au Hemel-en-Aarde, bonde lililo jirani na bahari pale Hermanus. Upepo wa baharini huyapoza mashamba na zabibu huiva polepole. Lebo ikisema Western Cape tu, zabibu zimeweza kutoka popote katika jimbo zima.

Kuhusu pipa lenyewe: juisi inapochachukia humo tangu mwanzo, kisha mvinyo ukalala juu ya mashapo ya hamira, ladha ya mwaloni, yaani mbao za pipa, huungana na ya tunda na kinywaji huwa laini mdomoni. Mvinyo uliochachushwa kwenye tangi la chuma na kuhamishiwa pipani baadaye huonyesha mbao zaidi. Pipa la kiburgundy huchukua lita 228 tu na likiwa jipya ni ghali, kwa hiyo chupa ya bei ya chini kabisa inayonukia mwaloni mno huenda ilitiwa vipande vya mbao tangini. Hiyo iache.

1. Paul Cluver Estate, Elgin. Anza na hii. Familia ina shamba hilo tangu 1896, na mvinyo wao una limau, tufaha la kijani na mwaloni unaokaa nyuma. Kwa thamani ya pesa yako, sijaona ya kuishinda. Kwa samaki wa kupaka au kamba wa nazi, ndiyo ninayoichagua.

2. Hamilton Russell, Hemel-en-Aarde. Tim Hamilton Russell alinunua ardhi hiyo mwaka 1975, wakati wachache waliamini zabibu zingefaa kusini kiasi kile. Ni mzito zaidi, una ladha ya mawe na karanga, na ukiuhifadhi vizuri miaka mitano hautakuangusha. Kama ni zawadi, au unasherehekea jambo kubwa, nunua huu. Nimeuweka wa pili kwa sababu ya bei peke yake.

3. Kershaw, Elgin. Mkali, mwembamba, wa watu wanaopenda Chablis, Chardonnay kali ya kaskazini mwa Burgundy. Ukiwa mchanga huonekana umejifunga, hautoi harufu yake. Umimine kwenye jagi nusu saa kabla ya kunywa.

4. Bouchard Finlayson Missionvale, Hemel-en-Aarde. Mzuri, ila angalia jina kwa makini: kampuni hiyohiyo hutengeneza Sans Barrique, ambayo haigusi pipa kabisa.

Dukani, hasa Dar au Mombasa, usichukue chupa iliyosimama rafuni karibu na dirisha. Joto huuchosha mvinyo mweupe haraka, na rangi ikishaelekea kahawia hakuna cha kuokoa. Uliza kama wana nyingine stoo penye ubaridi. Nyumbani itoe kwenye friji dakika 20 kabla ya kumimina, maana ukinywa kwenye nyuzi 4 hutapata harufu ya pipa wala ya tunda. Nyuzi 10 hadi 12 zinatosha.