Reader View ya Firefox, kwa mtu anayesoma kwa sauti

Natangaza kipindi cha asubuhi redioni hapa Mwanza, na sehemu inayopendwa zaidi na wasikilizaji ni mapitio ya magazeti. Magazeti ya karatasi bado yako mezani, lakini habari nyingi siku hizi nazisoma mtandaoni, moja kwa moja kwenye kioo cha kompyuta huku maikrofoni iko wazi. Kwa hiyo kitu chochote cha kusomea nakipima kwa jambo moja tu: kinaniacha nisome bila kubabaika? Reader View, ile hali ya kusomea iliyomo ndani ya kivinjari cha Firefox, nimeitumia vya kutosha kusema kwamba imefaulu. Ila ile namba ya dakika inayokuonyesha usiiamini, nitaeleza.

Kwa asiyeijua: ukifungua habari, kwenye upau wa anwani kule juu hujitokeza alama ndogo ya karatasi yenye mistari. Bofya hapo, au kwenye Windows gusa F9, ukurasa unavuliwa mapambo yote. Matangazo yanaondoka, picha za pembeni zinaondoka, pamoja na vile vidirisha vinavyokuomba barua pepe kabla hujasoma hata sentensi moja. Kinabaki kichwa cha habari, jina la mwandishi na aya zake. Wazo lenyewe si geni. Mwaka 2009 kampuni ya Arc90 ilitoa kifaa kiitwacho Readability, kivinjari cha Safari cha Apple kikaweka chake 2010, na Firefox ya kompyuta ikakipata 2015. Ni bure, hakuna cha kusakinisha.

Faida yake naiona mdomoni. Jicho halitelezi juu ya mstari. Huruka, likatua kama robo sekunde, likaruka tena. Watafiti McConkie na Rayner walionyesha mwaka 1975 kwamba msomaji wa Kiingereza, kila jicho linapotua, hunufaika na herufi zipatazo 14 au 15 tu upande wa kulia. Sasa chukua neno letu la kawaida kabisa, "yatakayowawezesha". Lina herufi 17, na ukilikosea katikati umebadilisha wakati au umebadilisha watu. Anayesoma kimya anaweza kurudi nyuma akalitazama upya bila mtu kujua. Mimi siwezi. Jicho langu linatakiwa liwe limetangulia maneno kadhaa mbele ya sauti, ili nijue sentensi inapanda wapi na inashuka wapi. Tangazo la sabuni likipachikwa katikati ya aya, sauti inalifikia jicho likiwa bado linatafuta sentensi imeendelea wapi, na mkoa mzima unasikia "eee..."

Ukishaingia, bonyeza alama ya herufi mbili za A upande wa kushoto. Hapo ndipo penye utamu wote: ukubwa wa herufi, aina ya fonti, upana wa safu, nafasi kati ya mistari. Wengi wanakuza herufi halafu wanaishia hapo. Mimi nakuambia anza na upana. Mary Dyson na Mark Haselgrove mwaka 2001 walilinganisha mistari ya herufi 25, 55 na 100 kwenye kioo, na ile ya 55 ndiyo iliyomfaa msomaji, asome kwa mwendo wa kawaida au wa haraka. Kwa Kiswahili mimi nasogeza kidogo hadi kama 60, kwa sababu maneno yetu marefu hayapendi kubanwa. Mfano wa kubanwa unao kwenye gazeti la karatasi: safu nyembamba, pande zote mbili zimenyooshwa, mstari una maneno matatu na kati yake mianya ambayo bodaboda inapita. Reader View huacha upande wa kulia bila kunyooshwa, nafasi kati ya neno na neno inabaki ileile. Nafasi kati ya mistari nayo iongeze kidogo. Ukimaliza mstari mpana uliosongamana na wenzake, jicho linarudi kushoto na kuangukia mstari uleule au linaruka mmoja. Hewani, hayo ndiyo makosa yanayotufanya tusome kifungu mara mbili tukijifanya tunasisitiza.

Kuna ugonjwa mmoja isioutibu. Kituo kimoja nilichofanyia kazi zamani kilichapa taarifa ya habari yote kwa herufi kubwa, kwa imani kwamba kubwa huonekana vizuri. Miles Tinker, mwanasaikolojia wa Marekani, alipima jambo hilo na mwenzake Paterson tangu miaka ya 1920 wakakuta herufi kubwa tupu zinapunguza kasi ya kusoma kwa zaidi ya asilimia 10. Na kwa Kiswahili kuna balaa la ziada, maana majina yetu ya watu ni maneno ya kila siku. KIKAO CHAMALIZIKA KWA AMANI. Kwa utulivu, au nyumbani kwa mzee Amani? Ukiwa na herufi ndogo jibu liko machoni kabla hujafungua mdomo. Mwandishi akipiga kichwa cha habari kwa herufi kubwa tupu, Reader View inakiacha hivyohivyo.

Haya, ile namba ya dakika. Chini ya kichwa cha habari utaona makadirio ya muda wa kusoma, tuseme dakika 6 hadi 7. Hesabu yake inatokana na utafiti wa mwaka 2012 wa Trauzettel-Klosinski na Dietz, waliowasomesha watu kwa sauti katika lugha 17. Kiswahili hakimo, na lugha isiyomo hupewa kasi ya Kiingereza: herufi 987 kwa dakika, ikipungua au kuongezeka 118. Kidogo ina busara, kwa sababu inahesabu herufi badala ya maneno. Katika utafiti huohuo Wafini, ambao nao maneno yao ni magari moshi kama yetu, walisoma maneno 161 kwa dakika wakati Waingereza walisoma 228. Lakini kwa herufi Wafini ndio waliotangulia, 1,078. Kwa hiyo anayewaambia Waswahili kwamba wanasoma polepole kwa kuhesabu maneno, mpuuze. Lakini mtangazaji anayepanga kipindi kwa namba ile ajitafutie saa. Mimi nasoma taratibu kuliko inavyodai, na bado sijaweka pumzi wala salamu za wasikilizaji.

Kitufe cha kukusomea kwa sauti kipo pia. Kinategemea sauti zilizomo kwenye kompyuta yako. Yangu ina sauti ya Kiingereza pekee, na kuisikia ikitamka "Ng'wanang'walu" ni burudani ya bure.

Kwenye simu ya Android alama ipo, ila mipangilio ni michache: ukubwa, aina mbili za fonti, rangi ya mandhari. Upana na nafasi za mistari huwezi kugusa, japo kioo cha simu kimeshaubana mstari chenyewe. Na wenye bando dogo wasidanganyike, ukurasa hupakuliwa kwanza ndipo uvuliwe, hivyo MB zimeshaliwa.

Haionekani kwenye kurasa za mbele za tovuti, inataka habari moja iliyofunguliwa. Majedwali ya ligi wakati mwingine yanavurugika. Na zile picha za kurasa za mbele za magazeti zinazozunguka WhatsApp alfajiri haiwezi kuzifanya chochote, kwake ni picha tu. Hizo naendelea kuzikuza kwa vidole viwili, kichwa kimoja baada ya kingine, kabla sijaingia studio.