Uzoefu Wangu na Saint-Lamvinus: Bia Chachu ya Brussels Iliyolazwa na Zabibu za Mvinyo

Saint-Lamvinus ya kiwanda cha Cantillon si bia ya kukata kiu baada ya kazi, na mtu akiinunua kwa matumaini hayo atazisikitikia fedha zake. Ni lambiki, yaani bia ya kale ya Brussels na vijiji vinavyouzunguka mji huo, ambayo haitiwi hamira na mkono wa mtu. Baada ya kukaa kwenye mapipa ya mwaloni kwa muda wa miaka miwili hivi, hutiwa zabibu nyekundu za kutengenezea mvinyo, aina za Merlot na Cabernet Franc, kisha huachwa ichachuke upya pamoja nazo. Kinachotoka hapo ni kinywaji chachu sana, kikavu (yaani kisicho na utamu), chenye ukakasi wa ganda la zabibu, na kwangu mimi ndicho kinywaji bora kabisa nilichopata kuonja tangu nihamie Ubelgiji. Nitaeleza kwa nini nasema hivyo, na nitaeleza pia ni nani ambaye hatakipenda, kwa sababu si haki kumsifia mtu kitu cha bei kubwa bila kumwonyesha makali yake.

Kiwanda chenyewe kiko katika mtaa wa Gheude, Anderlecht, ndani ya jiji la Brussels, mwendo mfupi kwa miguu kutoka stesheni ya treni ya Midi. Kilianzishwa mwaka 1900 na kingali mikononi mwa ukoo uleule, na tangu mwaka 1978 ni makumbusho pia, kwa hiyo mgeni hulipa kiingilio, akatembea ndani na kuonja. Sehemu inayostahili kutazamwa kwa utulivu iko juu, chini ya paa, ambako pamewekwa sinia kubwa la shaba nyekundu lenye kina kifupi. Kimea cha shayiri huchanganywa na ngano isiyooteshwa, ngano ikiwa kama theluthi moja, kisha maji matamu yanayokamuliwa humo huchemshwa kwa saa kadhaa pamoja na hopsi, yaani maua yanayotia bia uchungu, zilizokaa ghalani miaka kadhaa hadi uchungu wake ukapungua, ila uwezo wake wa kuzuia vijidudu viharibifu umebaki. Yakiwa bado ya moto, maji hayo humwagwa kwenye sinia na kuachwa usiku kucha, hewa ya nje ikiingia, hadi yapoe kufikia nyuzi 20 hivi. Asubuhi huteremshwa kwenye mapipa yakiwa tayari yamebeba hamira na bakteria waliokuja na hewa ya usiku na wale wanaoishi katika jengo na katika mbao zenyewe.

Kuanzia hapo hakuna haraka. Hamira za kawaida humaliza sukari nyepesi katika miezi ya kwanza, bakteria aina ya Pediococcus hufuata na kuzalisha asidi ya laktiki ambayo ndiyo msingi wa uchachu wote, halafu Brettanomyces, hamira ya mwituni inayofanya kazi polepole mno, hula mabaki ambayo wengine hawakuyaweza na kuacha ile harufu ya ngozi na pishi ambayo mnywaji wa lambiki huitambua kabla hajafikisha glasi mdomoni. Kwa kuwa kila kitu kinategemea baridi ya usiku, upishi hufanyika tu katika msimu wa baridi, takriban kuanzia mwishoni mwa Oktoba hadi mwanzoni mwa Aprili, na Novemba 2015 kiwanda kililazimika kusitisha upishi kwa muda kwa sababu usiku ulikuwa na joto kupita kiasi. Anayelijua hilo haoni ajabu kwamba chupa hizi ni adimu. Niongeze jambo moja dogo lililonifurahisha: utando wa buibui ulio kwenye mapipa hauguswi, kwani buibui ndio wanaokula nzi wanaofuata matunda, na badala ya kupulizia dawa mahali ambapo vijidudu hai ndio mafundi, wenye kiwanda wameona heri wawaachie buibui kazi hiyo.

Wengi wanaoijua lambiki ya matunda wanaijua ile ya cheri. Zabibu za mvinyo ni habari nyingine kabisa. Cheri huipa bia rangi na harufu nzuri, lakini zabibu huleta pia sukari nyingi, ambayo hamira huigeuza kilevi, na huleta maganda na mbegu zenye tanini, yaani kile kinacholeta ukakasi mdomoni, kitu ambacho bia kwa kawaida haina kwa wingi. Kwa hiyo kilevi hupanda kupita kile cha lambiki tupu, na bia hupata uzito mdomoni ambao asidi peke yake haiwezi kuutoa. Huo ndio ustadi ninaoustahi zaidi katika Saint-Lamvinus. Lambiki bila tanini hupita haraka ulimini, na mvinyo mchanga wenye tanini bila asidi ya kutosha huwa mzito na kuchosha. Hapa kila kimoja kinamzuia mwenzake asizidi.

Chupa ya sentilita 75 imefungwa mara mbili, kizibo cha chuma juu na koki, yaani kizibo cha gome la mti, chini yake, hivyo unahitaji vifungulio viwili. Niliisimamisha tangu siku iliyotangulia ili mashapo yatulie chini. Mikahawa ya jadi ya Brussels huilaza chupa ndani ya kikapu kidogo na kuimimina vivyo hivyo bila kuiinua, lakini nyumbani njia yangu inatosha. Koki ilitoka kwa mlio mdogo, kwa maana gesi ya bia hii ni ya wastani. Haikusukumiwa na mashine bali ilizaliwa humohumo chupani. Rangi yake ni nyekundu iliyokolea, ikielekea waridi kwenye ukingo wa glasi ukiiinamisha dirishani, na povu lake jembamba la waridi hufifia baada ya muda mfupi na kuacha pete inayozunguka kioo.

Harufu ya kwanza haikuwa ya tunda. Ilikuwa ya mbao kuukuu, ya ngozi na ya pishi lenye unyevu, pamoja na dokezo la siki kwa mbali sana. Nilisubiri. Kadiri bia ilivyopata joto la mkono, zabibu zilijitokeza, halafu harufu ya zambarau zilizoiva na komamanga, na chini yake kitu kama viungo ambacho nadhani kinatokana na mapipa, maana lambiki hii hulazwa katika mapipa yaliyowahi kuhifadhi mvinyo wa Bordeaux, Ufaransa. Nilipoonja, kilichotangulia ni ugwadu wa ndimu, ule unaokaza mashavu na kuleta mate mengi papo hapo. Haukudumu peke yake kwa muda mrefu. Tunda lilifuata, lakini tunda lisilo na sukari hata chembe, kwa sababu sukari yote imeshaliwa. Kisha ukaja ukakasi unaoshika ufizi na pande za ulimi, uleule wa kutafuna ganda la zabibu pamoja na mbegu. Baada ya kumeza, ladha ilibaki kwa muda mrefu, kavu, yenye uchungu mwembamba wa mti, na kilevi hakikuunguza koo popote. Glasi ya pili ilikuwa bora kuliko ya kwanza. Ulimi ukishauzoea uchachu, huacha kuushangaa na kuanza kuona yaliyo nyuma yake, ndiyo maana siamini hukumu ya mtu aliyeonja funda moja akaisukuma glasi kando.

Nadhani msomaji aliyekulia pwani ana faida hapa. Tembo la mnazi nalo huchachushwa na vijidudu vya porini vinavyoingia chomboni bila kualikwa, na aliyewahi kunywa lililolala anaujua mwanzo wa ladha hii. Tofauti iko kwenye mwendo. Katika joto letu tembo hukimbilia siki ndani ya siku chache, ilhali lambiki, kwa sababu ya baridi, hopsi na mapipa yaliyojazwa ili hewa isipate nafasi, huchukua miaka kufika ilipofika, na asidi ya siki hubaki kuwa dokezo badala ya kutawala. Kwa ukakasi, mwalimu mzuri ni mvinyo mwekundu mkavu wa Dodoma: aliyeuzoea ataitambua tanini ya Saint-Lamvinus mara moja na hatadhani kuwa kinywa chake kimepata hitilafu.

Halijoto ni jambo ambalo sitaki lipite hivihivi. Baa moja hapa mjini, ambayo sitaitaja, iliniletea bia hii ikiwa imetoka kwenye friji la soda, baridi kiasi cha kufisha ladha, katika glasi nyembamba ya lager, ile bia ya kawaida ya baa. Harufu zote zilikuwa zimezibwa na asidi tupu ndiyo iliyobaki. Kama ningekuwa naionja kwa mara ya kwanza siku hiyo, ningeondoka nikisema kwamba watu wanalipia siki. Ni makosa makubwa kuuza kitu kilicholelewa kwa miaka namna hiyo halafu kukiharibu kwenye hatua ya mwisho. Mimi hupendelea iwe kati ya nyuzi 12 na 14, katika glasi ya mvinyo yenye tumbo pana, isiyojazwa kupita nusu.

Kuhusu chakula, mazoea ya Brussels ni mkate uliopakwa jibini laini nyeupe, pamoja na figili nyekundu na vitunguu vya majani, na nimejaribu mkate huo nikauelewa: mafuta ya maziwa huutuliza uchachu na figili huamsha ulimi. Hata hivyo mlo ulionipendeza kuliko wote ni kuku wa kupaka niliyempika mwenyewe, mwenye tui zito na pilipili kidogo tu. Tui lilichukua makali ya asidi, ukakasi wa zabibu ukayakata mafuta ya tui, na ule moshi wa kuchoma ngozi ya kuku ukapatana na mbao za pipa. Nisingeinywa pamoja na kitu chenye sukari, kwa kuwa utamu huifanya ionekane kali kuliko ilivyo, wala pamoja na pilipili nyingi, ambayo ikikutana na asidi hii huumiza mdomo bure.

Wapo watakaouliza kama heri waanze na Vigneronne, bia nyingine ya kiwanda hichohicho ambayo hutiwa zabibu nyeupe za Muscat. Ni swali zuri. Vigneronne ina rangi ya dhahabu, inanukia maua na zabibu mbivu, na kwa kuwa tanini yake ni ndogo, inapita koo kwa wepesi zaidi. Kwa mgeni wa bia chachu ningeshauri hiyo kwanza. Lakini mimi mwenyewe nikipewa zote mbili mezani nitachagua nyekundu, kwa sababu Vigneronne naiona kama lambiki nzuri iliyopambwa kwa harufu, wakati katika Saint-Lamvinus zabibu na lambiki zimeingiana hadi huwezi tena kusema hii imeishia wapi na ile imeanzia wapi.

Bei ni kikwazo cha kweli. Kiwandani ni ya kuvumilika, ila si kila siku utaikuta, na nje ya hapo wauzaji huipandisha mara kadhaa kwa kuwa wanajua watu wanaitafuta. Kwa bei ya kiwandani ningeinunua tena bila kusita. Kwa bei nilizoziona kwa baadhi ya wauzaji wa mbali, siinunui, na simshauri mtu afanye hivyo. Vilevile sikubaliani na wanaoificha kabatini miaka kumi wakitumaini itakuwa bora. Lambiki isiyo na matunda inaweza kuzeeka kwa heshima, lakini hii ya zabibu hupoteza tunda taratibu, na tunda likishaondoka unabaki na asidi na mbao ambazo ungezipata kwa fedha kidogo kwenye chupa ya gueuze, yaani mchanganyiko wa lambiki changa na za zamani zisizo na matunda.

Asiyependa ndimu, ukwaju wala mvinyo mkavu, na anayetaka bia yake iwe baridi, tamu kidogo na ya kunywewa bila kufikiri, hana sababu ya kuisogelea, na hapungukiwi na kitu. Mwenye tumbo linalosumbuliwa na vyakula vyenye asidi naye ajihadhari, maana glasi mbili kabla ya kula zinatosha kukukera usiku mzima. Anayependa mvinyo mwekundu na ana udadisi wa bia, huyo ndiye ninayemwandikia. Aitafute chupa ya karibuni, asiinywe peke yake, kwa sababu chupa moja inawatosha watu watatu au wanne waliokaa kula, na amimine polepole akiacha kidole kimoja cha bia chini, pale mashapo yalipolala, kwa kuwa yakichanganyika hufunika tunda lote kwa ladha ya hamira.