Bunduki Mseto kwa Kanga na Ndezi: Ipi Inafaa Ukiwa Lindi au Mtwara

Kanga wakiruka kundi zima kutoka kichakani, unahitaji marisau, yaani vile vipande vidogo vya shotgani vinavyotawanyika. Sungura aliyetulia mita hamsini mbele yako pembeni mwa shamba anahitaji risasi moja iliyonyooka. Ndiyo maana mwenye mikorosho kule Nachingwea au Newala anayetaka silaha moja tu hukwama kwenye swali la shotgani au raifo, na ndiyo maana bunduki mseto ipo: mtutu wa raifo juu, wa shotgani chini, kitako kimoja.

Tuanze na karatasi, maana bila hizo mengine yote ni porojo. Umiliki unasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, uwindaji na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Ni ruhusa mbili tofauti. Leseni ya polisi haikuruhusu kumpiga hata kware mmoja, na wanaochanganya mambo haya mawili ni wengi kuliko wanavyokubali. Kabla hujalipa hela ya bunduki, nenda kwa afisa wanyamapori wa wilaya umuulize silaha gani inakubalika kwa mnyama unayetaka kumwombea kibali. Kuwinda usiku kwa tochi sahau kabisa. Na ukiwa upande wa Rondo, ujue kwamba ile misitu ina komba mdogo anayepatikana kwenye misitu michache tu ya pwani ya Tanzania, kwa hiyo si kila kinachotikisa matawi ni kitoweo.

Kigezo changu cha kupanga ni kimoja: risasi. Bunduki nzuri isiyo na risasi dukani ni fimbo ya bei mbaya. Uliza kwanza maganda (risasi za shotgani) yapo na yanauzwaje, halafu ndiyo uanze kuangalia chapa.

Namba moja: .22 juu, geji 20 chini. Namba yenye nukta ni takriban upana wa mtutu kwa inchi; geji ni kipimo cha shotgani, na namba ikiwa kubwa mtutu ni mwembamba. Inayojulikana zaidi ni Savage Model 24 ya Marekani, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1950. Haitengenezwi tena, kwa hiyo utakayoipata imeshapita mikononi mwa watu. Dada yake wa Urusi ni IZH-94 ya kiwanda cha Izhevsk, nzito kidogo, sura ya kazi, lakini ngumu. Geji 20 hutupa gramu 25 hivi za marisau, na hizo zinamtosha kanga hadi mita 30. Mtutu wa juu una risasi ya gramu 2.6 tu: mlio mdogo, haikusukumi bega, na nyama haiharibiki. Kwa ndezi na sungura sioni cha kuzidi hapo.

Ila hiyo .22 isikuhadae kwa udogo wake. Ikikosa inaweza kusafiri zaidi ya kilomita moja na nusu. Msimu wa korosho watu wako mashambani wanaokota, wameinama, huwaoni. Ndege akiwa juu ya mti au angani, mpige kwa marisau. Mtutu wa raifo utumie pale tu penye kichuguu au ukingo wa udongo nyuma ya mnyama.

Namba mbili: geji 12 chini, .22 Hornet au .223 juu. Savage waliitengeneza pia hii, katika matoleo ya 24F. Maganda ya geji 12 ndiyo rahisi kupata, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuiweka hapa. Kasoro yake ni kwamba .223 kwa sungura ni kupasua nyama, na risasi zake ni ghali. Kama nyumbani kuna bunduki ya geji 12 na nyingine ya geji 20, msichanganye maganda mfukoni hata siku moja. La geji 20 likiingizwa kwenye mtutu wa geji 12 huteleza na kukwama mbele, halijionyeshi. Ukiweka la 12 nyuma yake ukafyatua, mtutu unapasuka mkononi. Maganda ya geji 20 hutengenezwa ya njano kwa sababu hiyo.

Namba tatu: .22 juu, .410 chini. Hapa wengi watanibishia. Ni nyepesi, Chiappa Double Badger ya Italia inakunjika, na Savage 42 ni ya kisasa. Lakini ganda fupi la .410 lina gramu 14 za marisau, na zaidi ya mita 20 au 25 unajeruhi tu. Kwa njiwa sawa. Kwa kanga wa Liwale wanaoanza kukimbia ukiwa mbali, hapana. Angalia pia maandishi kwenye mtutu: chumba cha inchi mbili na nusu usikitie ganda la inchi tatu, hata kama linaingia.

Ya mwisho: drilling ya Kijerumani, mitutu mitatu. Sauer walitengeneza moja kwa ajili ya marubani wa Ujerumani wakati wa Vita vya Pili. Mashine tamu, lakini bei yake na ugumu wa kupata fundi vinanitosha kusema hapana.

Kuhusu marekebisho, fanya machache. Weka mkanda wa begani, mpira kwenye kitako, na tone la rangi nyeupe kwenye jicho la mbele la kulengea, kwa sababu kivulini mwa mikorosho jicho jeusi halionekani. Darubini ndogo inafaa kama bunduki ina reli yake, ingawa ndege wakiruka itakuzuia. Usikate mtutu, usiguse namba ya usajili, na choki (mbano wa mdomo wa mtutu wa shotgani) mwachie fundi mwenye leseni.

Adui wa kweli huku kwetu ni kutu. Lindi mjini na Mikindani ni chumvi ya bahari. Shambani ni salfa mnayopulizia ubwiriunga, ule ugonjwa wa mikorosho. Vumbi la salfa likikutana na umande kwenye chuma hula rangi, na alama zake huanzia pale mitutu inapoungana, mahali kitambaa hakifiki. Tumia mswaki wa zamani na mafuta ya bunduki, siku hiyo hiyo uliyorudi.

Ukikagua iliyotumika, ifunge kisha itikise karibu na sikio. Ikigonga, iache. Imulike kwenye mwanga: ukiona uwazi kati ya mitutu na bodi, iache pia. Hakikisha kwamba haina kitu, halafu sogeza kile kitufe cha kuchagua mtutu mara kadhaa. Kikilegea, utafyatua raifo ukidhani ni marisau. Kisha omba kuijaribu sehemu iliyoruhusiwa, karatasi mita 40 kwa raifo na 20 kwa marisau, polepole, maana mitutu iliyounganishwa ikipata moto huhamisha shabaha. Muuzaji akikataa kujaribu, au akikwambia chukua kwanza mambo ya polisi mtamalizana baadaye, mrudishie bunduki yake uondoke.