Gemu za mpira wa zamu: kabla hujanunua, tafuta saa

Mama mmoja wa mtaa wa Umoja, msomaji wangu wa siku nyingi, aliniandikia akiwa amechemka. Alitafutia mapacha wake gemu ya mpira ya kuchezwa kwa zamu, kama drafti: mmoja anasogeza, mwenzake anakuna kichwa. Muuzaji akamwambia, "Mama, hii ndiyo yenyewe." Kuiwasha nyumbani, pembeni ya skrini kuna saa inakimbia. Ikiisha mtoto hajaamua, zamu imeenda kwa mwenzake. Mapacha wakashikana mashati.

Malalamiko ya namna hiyo nimeyapata mengi, kwa hiyo habari za picha nzuri na ukubwa wa faili leo nazipita. Nauliza moja tu: gemu inakuacha ufikiri? Utamu wote wa mpira wa zamu uko hapo. Nairobi hii mtandao unayumba, bando linaisha katikati ya shambulizi, stima inapotea bila kupiga hodi, na saa ya gemu haina huruma na lolote kati ya hayo. Ajabu ni kwamba kwenye kasha hutaona neno hata moja kuihusu.

Nambari moja ni Football, Tactics & Glory ya Creoteam, Waukraine walioitoa 2018. Ndiyo, nawapendelea, na sifichi. Uwanja umegawanywa miraba, kila zamu una hatua 3, na mchezaji anapimwa kwa sifa 4 tu: kulenga, kupasi, kumiliki mpira na kukaba. Sasa fikiria umebakiwa na hatua moja, mshambuliaji wako yuko nje kidogo ya boksi, beki kamsimamia mbele. Upige kutoka hapo, au umpe winga halafu uombe Mungu zamu ya mpinzani ipite salama? Unapocheza na kompyuta unaweza kwenda jikoni ukageuza chapati, ukarudi, ukamkuta beki palepale. Kasoro yake ni bahati: kila pambano huamuliwa kama kwa dadu, na beki wa ovyo anaweza kumpokonya nyota wako mpira, nawe ukabaki mdomo wazi.

Inunue moja kwa moja Steam, lile duka la mtandaoni la gemu za kompyuta. Ukiwa hujapitisha siku 14 tangu ununue, na hujacheza zaidi ya saa 2, unaomba pesa zako na zinarudi. Kama huna kadi ya benki, kuna ile ya Visa ya M-Pesa GlobalPay iliyozinduliwa 2022. Linganisha na kaunta za mjini, ambako kibandiko cha "mali ikiuzwa hairudi" kimegongwa ukutani kabla hata ya bei. Na bei zenyewe! Mapema 2024 dola ilipopita shilingi 160, kila muuzaji alipandisha akisema ni dola. Mwaka huohuo ikashuka hadi kama 129. Nilipomuuliza mmoja mbona bei yake haijashuka, akanijibu hiyo ni stoki ya zamani. Stoki gani hiyo isiyoisha, jamani?

Nambari mbili wala si ya skrini. Phutball ilibuniwa na mwanahisabati John Conway, ikachapishwa 1982. Ubao una mistari 15 kwa 19, mpira ni mmoja, na wachezaji wote wawili hutumia kete zilezile. Kwa zamu yako unaongeza kete, au unaurusha mpira juu ya kete zilizopangana, na zilizorukwa zinaondolewa. Ukuta ulioujenga mchana kutwa mpinzani anaugeuza ngazi yake. Chora ubao kwenye manila, tumia maharagwe na kifuniko cha soda.

Subbuteo, mpira wa mezani wa kufyatua vichezaji vidogo kwa kidole, ya Uingereza tangu 1946, naiweka ya tatu. Ni nzuri, ila inataka kidole chepesi kuliko akili, na kitambaa chake cha uwanja kikiwa na mkunjo mpira unakwenda utakako wenyewe.

Soccer Stars ya Miniclip, gemu ya simu, ni ya bure. Saa inayo. Tumemalizana.

Ukilazimika kununua kaunta, mwambie muuzaji aiwashe mbele yako, anza mechi, kisha usiguse kitu. Mpinzani akicheza wewe hujasogeza, hiyo si yako. Wengine watakwambia kasha likifunguliwa tayari umenunua. Duka la jirani lipo.