Kozi ya masafa ya kutunza farasi: uzoefu wangu baada ya miezi minane

Mimi ni saisi, yaani mtunza farasi. Nimefanya kazi hii miaka minne hapa Nairobi, upande wa Karen, na mwaka jana nililipia kozi ya masafa ya utunzaji wa farasi na uendeshaji wa mazizi kutoka chuo kimoja cha Uingereza. Chuo sikitaji kwa sababu nina malalamiko nacho, na ninayoandika hapa ni yaliyonipata mimi. Masaisi wenzangu wameniuliza sana kama pesa ile ilikwenda mahali pazuri. Nawajibu kwamba ilikwenda pazuri kwa sababu nilikuwa na farasi wa kumshika kila siku. Kama huna farasi karibu, subiri kwanza upate.

Ada ilizidi mshahara wangu wa mwezi mzima. Nililipa kwa awamu tatu, kwa kadi ya mtandaoni ya M-Pesa, na kila kitu kikafunguka kwenye simu: masomo kumi, kila moja na maswali ya kuandika mwishoni. Video zinamaliza bando haraka, kwa hiyo nilikuwa nazipakua nikifika mahali penye waifai, kisha nasoma usiku baada ya kazi.

Somo lililonibadilisha ni la lishe. Farasi wetu niliwakuta wanalishwa nafaka na pumba nyingi asubuhi, tena jioni, na nyasi kavu kidogo hapo katikati. Nami nikaendelea hivyohivyo. Kumbe tumbo la farasi ni dogo mno ukilinganisha na mwili wake, lita 8 hadi 15 tu, na linatoa asidi muda wote, awe amekula au hajala. Ameumbwa atafune kidogo kidogo kutwa kucha. Akikaa saa nyingi tumbo tupu, asidi inamchoma ndani. Tena farasi hatapiki. Kilichoingia hakina njia ya kurudi. Farasi wa kilo 500 anahitaji kama kilo 10 hadi 12 za chakula kikavu kwa siku, yaani asilimia 2 hadi 2.5 ya uzito wake, na sehemu kubwa ya hizo iwe nyasi.

Nikaazima mizani ya ndoano kwa jirani anayeuza viazi, nikapima tunachompa kila mmoja. Kulikuwa na jike mmoja wa rangi ya kahawia ambaye alikuwa anaguguna mlango wa banda hadi mbao zimeliwa nusu. Sote tulisema ana tabia mbaya, na mlango ulipakwa pilipili ili aache. Mizani ikaonyesha anapata kilo 5 za nyasi kwa siku. Nilimpelekea mwenye farasi hesabu ile imeandikwa kwenye karatasi. Tukaongeza nyasi ya boma rhodes, tukaigawa mara nne, ya mwisho usiku, na nafaka tukapunguza. Haukupita mwezi, yule jike akaacha mlango. Iliniuma sana kujua kwamba tulimpaka pilipili mnyama aliyekuwa na njaa.

Somo la afya nalo lilinifundisha kuhesabu. Mpigo wa moyo wa farasi aliyetulia ni kati ya 28 na 44 kwa dakika, pumzi 8 hadi 16, joto nyuzi 37.5 hadi 38.5. Hayo unaweza kuyapata popote. Kozi iliongeza jambo moja ambalo sikuwa nimelisikia: ilitutaka tumpime farasi mmoja mwenye afya kwa wiki mbili, saa ileile, ili tujue hali yake yeye mwenyewe ikoje. Nilimchagua farasi wetu mmoja mzee aliyehasiwa, mpole. Unapeleka vidole chini ya mfupa wa taya, unautafuta mshipa unaoteleza kama kamba nyembamba, unatulia. Usitumie kidole gumba, kwa sababu kina mpigo wake na kitakudanganya. Siku tatu za kwanza sikuupata. Siku ya nne nikaupata, na tangu hapo naupata hata gizani. Wake ulikuwa 36.

Miezi miwili baadaye, jioni, farasi huyohuyo aliacha chakula. Alikuwa anaparua maranda anayolalia kwa mguu wa mbele na kugeuka kuangalia ubavu wake, dalili za maumivu ya tumbo. Mpigo ulikuwa 60. Nikabonyeza ufizi kwa kidole. Rangi inapaswa kurudi kabla ya sekunde 2, ikachelewa. Nikaweka sikio ubavuni, mahali ambapo siku zote nasikia mngurumo kama maji yanapita kwenye bomba, upande wa kushoto pakawa kimya kabisa. Zamani ningempigia daktari nimwambie tu kwamba farasi hayuko sawa. Siku hiyo nilimtajia namba moja baada ya nyingine, naye hakuniuliza maswali, alisema anakuja. Nilitoa chakula chote bandani, nikakaa naye. Kesho yake alfajiri alipotoa kinyesi, ishara kwamba matumbo yanafanya kazi tena, nilitaka kumkumbatia. Kwa usiku ule peke yake, ada yangu imerudi.

Sasa malalamiko. Kozi inasifu sana farasi kukaa nje usiku na mchana, na kwa Uingereza najua ina sababu. Katika kazi moja ya kozi tuliagizwa tupange ratiba ya siku nzima. Niliandika kwamba farasi wote wawe ndani kabla ya saa kumi na mbili jioni na wasitoke hadi jua limechomoza vizuri. Nikakatwa alama, na mkufunzi akaandika kwamba usiku wa joto ni bora waachwe malishoni.

Huku kwetu ushauri huo unaua. Tuna ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaoletwa na virusi na kusambazwa na usubi, wadudu wadogo kuliko mbu wanaouma kuanzia machweo hadi alfajiri. Punda milia wanakuwa navyo bila kuugua, lakini farasi asiye na kinga akipatwa na aina inayoshambulia mapafu, anayepona ni wa bahati. Mzee aliyenifundisha kazi aliwahi kuniambia wiki yangu ya kwanza, "Binti yangu, jua likizama na farasi yuko nje, hujamaliza kazi." Amewaona wale wanaovimba vishimo vilivyo juu ya macho, na wale wanaotoa povu puani hadi wanaanguka. Chanjo inatolewa kila mwaka, lakini hata aliyechanjwa analala ndani.

Nilimwandikia mkufunzi haya yote. Jibu lilichukua wiki tatu. Alama zilirudishwa, ila maandishi ya somo hayakubadilishwa, na ugonjwa wenyewe umetajwa kwa sentensi mbili tu. Kozi inauzwa kwa wanafunzi wa dunia nzima. Kwa mwanafunzi wa Afrika hilo ni kosa kubwa, kwani anayeanza hana mzee wa kumsahihisha.

Somo la kwato ni la picha tu. Fundi wetu wa viatu vya farasi, anayekuja kila baada ya wiki sita, alinifundisha zaidi kwa asubuhi moja. Na lugha ni Kiingereza mwanzo hadi mwisho. Nilijitengenezea daftari la maneno: hatamu, lijamu, kikuku, singa, maranda. Yananisaidia kuwaeleza wenzangu niliyosoma, na sasa linazunguka kwa masaisi watano.

Kuhusu cheti, uliza kabla hujalipa. Hiki nilichopata kinasema nimemaliza kozi, basi. Si sawa na ngazi za British Horse Society, chama cha farasi cha Uingereza, ambazo mtahini anakutazama kwa macho ukimfunga farasi bandeji, ukimvalisha tandiko, ukimtembeza na kumkimbiza huku umemshika kwa kamba. Mwenzangu aliyeomba kazi ya zizi Dubai hakuulizwa cheti kwanza. Aliombwa video akiwa kazini. Mimi nimeanza kuweka akiba ya mtihani wa vitendo, na daftari la vipimo vya kila farasi nimelitundika kwenye mlango wa stoo. Yule jike wa kahawia, asubuhi ya leo: mpigo 34, pumzi 12, joto 37.8.