TAHADHARI wana-Mwanza: Range Rover inayouzwa haraka haraka, usilipe kabla hujaikuta imelala

Wakuu, habari za jioni. Jambo hili nimekaa nalo wiki tatu nikiona aibu kuliandika, lakini jana mpwa wangu amenitumia tangazo lile lile limerudi hewani, picha ile ile, namba ya simu mpya. Kwa hiyo aibu naiweka pembeni.

Mimi nafanya biashara ya dagaa Mwaloni Kirumba, mwaka wa kumi na nane huu. Wanaonijua wanajua nikinunua gunia siangalii juu. Juu kila mtu anaweka dagaa wakavu, weupe, wanaong'aa kama sindano. Mimi nazamisha mkono mpaka kwapani, nachota wa katikati, nanusa, napukuta mchanga kiganjani. Mtu akiniuliza "mama, huniamini?" namjibu wewe nakuamini, gunia ndilo silijui. Sasa mwanamke huyo huyo ndiye aliyetoa milioni 38 taslimu kwa gari aliloliangalia juu tu. Mnaotaka kucheka chekeni kwanza, halafu tuendelee.

Zilikuwa siku za mbalamwezi. Watu wa ziwani mnajua, mwezi ukiwa mkubwa taa za wavuvi hazivuti dagaa, mitumbwi inapumzika, na sisi tunabaki na pesa ya mzunguko mkononi na muda mwingi wa kuperuzi simu. Hapo ndipo nilipoliona. Range Rover Sport, V8 ya petroli, lita 5.0, ya mwaka 2010, rangi ya fedha, limepigwa picha Capri Point na jua linazama ziwani nyuma yake. Maelezo mafupi: "Namba E, gari ya bosi wa mgodini, haijui fundi, km 84,000, milioni 58 maongezi yapo."

Hiyo "namba E" yaani kibao chenye herufi za usajili wa karibuni, ndiyo iliyonikamata mwanzo, ngoja niisemee. Sisi tunanunua namba kuliko gari. Herufi za kwenye kibao zinaonyesha gari lilisajiliwa lini hapa nchini, hazisemi lilitoka kiwandani lini wala limezungukia wapi. Gari kuukuu lililoshuka bandarini juzi linapewa herufi za juzi. Kwa Range Rover mwaka wake umo kwenye namba ya chesisi, ile yenye herufi na tarakimu 17 inayosomeka kwa chini kupitia kioo cha mbele. Hesabu ya kumi kutoka kushoto: A ni 2010, B ni 2011, C ni 2012. La kwangu lilikuwa A kweli. Kwenye mwaka jamaa hakudanganya, nampa haki yake.

Nilimpigia Ijumaa usiku nikamwambia kesho saa moja asubuhi niko kwako. Akasema asubuhi ana msiba Buswelu, nije saa nane mchana. Nani anabishana na msiba?

Saa nane nikafika. Kijana mtanashati, shikamoo mama, mkoba akanipokea. Gari linanguruma tayari, AC inapuliza, akanifungulia mlango: "Nimekupozea ndani mama, jua la leo si mchezo." Nikaona huyu amelelewa. Nikagusa boneti kwa bahati tu, nikautoa mkono haraka, lilikuwa la moto kama sufuria. Nikajua limetoka safari. Kumbe lilikuwa limewashwa hapo hapo tangu saa sita, na lilikuwa na sababu zake.

Hapa naomba mnisikilize vizuri maana ndiyo habari yenyewe. Haya magari hayakalii springi za chuma kama Noah yako. Yanakalia shokapu za upepo, mifuko ya mpira inayojazwa hewa na kompresa. Mfuko ukitoboka, hewa inavuja polepole. Injini ikiwa inawaka, kompresa inajaza, gari linasimama limenyooka, huoni kitu. Lizime, lilale usiku kucha, asubuhi ndiyo utalijua. Na hiyo injini ya V8 lita 5.0 ina ugonjwa wake unaojulikana, cheni ya taimingi na vishikizo vyake vinachakaa, na kelele yake unaisikia zaidi injini ikiwashwa ya baridi, sekunde za mwanzo. Ikishapata moto inaweza kutulia kabisa. Halafu maji ya rejeta: injini ya moto huwezi kufungua kifuniko ukaangalia yana rangi gani, yatakuunguza uso. Kwa hiyo kijana alipoliwasha saa mbili kabla sijafika, alikuwa ananifichia vyote vitatu kwa mpigo.

Fundi alikuwepo, wa kwake. Akachomeka mashine ya kusomea hitilafu za gari, akanionyesha kioo chake: hakuna kosa hata moja. Fundi wangu amenieleza baadaye kwamba makosa yanafutwa kwa kubonyeza tu, na mashine hiyo hiyo inaweza kuonyesha kama kumbukumbu imefutwa karibuni, maana vipimo kadhaa vya injini vinakuwa havijakamilika mpaka gari litembee tena vya kutosha. Ukurasa huo sikuonyeshwa, na sikujua kama upo.

Tukazunguka mpaka Nyegezi na kurudi, yeye akiendesha, muziki juu. Nilipoomba niendeshe mimi akanipa kuanzia mzunguko wa mwisho, mahali tambarare. Niliona pedali ya breki mpira wake umelika mpaka chuma kinachungulia, na usukani umepauka upande mmoja. Kilomita 84,000 hazili pedali hivyo. Niliona, macho yangu yaliona, nikanyamaza kwa sababu moyo ulikuwa umeshajiona unashuka Mwaloni na gari hilo.

Bei ikashuka kutoka 58 mpaka 46 ndani ya dakika ishirini. TRA, watu wa mapato, wana kikokotoo chao mtandaoni, unaingiza aina ya gari na mwaka, kinakuletea kodi ya kuliingiza nchini. Ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa asilimia 10 kwa injini inayozidi cc 2000, VAT 18, na gari kuukuu linaongezewa ushuru wa uchakavu. Ningeingiza namba zile nilipokuwa nimekaa kwenye siti yake ningejiuliza huyu aliyelipa yote hayo anakimbilia wapi.

Kwenye karatasi ndipo alipocheza vizuri zaidi. Kadi halisi ya gari "imepotea kwenye kuhama nyumba", akanionyesha karatasi ya polisi ya kupotelewa na kopi ya kadi yenye rangi. Mmiliki yuko safarini, ila amesaini mkataba wa mauziano kabisa, umebakiza jina la mnunuzi. Nikasema basi twende TRA. Mama, leo Jumamosi. Nikasema tusubiri Jumatatu. Akapokea simu mbele yangu: kuna mtu wa Shinyanga yuko njiani na pesa. Mimi ninayewafanyia watu mchezo huo kila siku ya Mungu, "chukua mama, kuna Mkongo anakuja kubeba mzigo wote", nikaingia mzima mzima.

Kitu kimoja tu nilifanya cha akili. Nilimwambia nakupa 38, nane zilizobaki siku ya kuhamisha jina. Akakubali bila hata kukuna kichwa. Leo najiuliza, mtu gani anaachia milioni nane kirahisi namna ile? Yule ambaye hana mpango wa kuja kuzichukua.

Nikalipeleka nyumbani Isamilo. Mnaoishi milimani mnajua nyua zetu, nusu udongo nusu jiwe. Nililiegesha pale ninapoegesha siku zote. Kati ya tairi la mbele na madigadi vilikuwa vinaingia vidole vinne vyangu, najua kwa sababu mjukuu alitaka kupitisha mkono nikamkataza. Asubuhi ya Jumapili natoka na kikombe cha chai, gari limelala kifudifudi kama kiboko aliyeshiba, mbele hakuingii hata kidole kimoja, na tumbo lake limekaa juu ya jiwe. Nikampigia kijana. Akacheka kwa upole: "Mama, hayo magari ndivyo yalivyo, yanapiga magoti kumpisha bosi aingie." Wakuu, nilimwamini. Nikawasimulia hata majirani.

Nikaliwasha. Hapo ndipo niliposikia ile sauti kwa mara ya kwanza, kama mtu anapepeta kokoto kwenye ungo. Ikadumu kidogo, ikanyamaza. Chini kukaanza kunguruma kama pampu ya kujazia tairi, gari likainuka taratibu, na mimi nikajipa moyo, nikaondoka kwenda Sengerema kumwonyesha mama yangu. Katikati ya Daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3 za maji huku na huku, dashibodi ikaandika hitilafu ya shokapu na gari likaanza kudunda kama mkokoteni. Daraja nalishukuru, lakini enzi za kivuko ningezima injini nikakaa kwenye foleni, nikaliona linavyozama kabla hata sijavuka, nikageuza.

Jumatatu nikampelekea fundi ninayemwamini. Mifuko miwili ya mbele imepasuka, kompresa imeungua kwa kufanya kazi bila kupumzika, cheni inadai kubadilishwa kwa haraka. Kisha akainua zulia la buti kutafuta spea, akatoka na kikadi kidogo cha kubadilishia oili, kimekunjamana, kina mafuta. Kimeandikwa kwa kalamu ya bluu: oili inayofuata, km 171,000. Hakusema kitu. Alinipa tu kikadi, akaenda kunawa mikono.

Usiku huo mpwa wangu akaingiza namba ya gari kwenye mfumo wa polisi wa faini za barabarani, ule anaoweza kuangalia yeyote. Faini nne hazijalipwa, elfu thelathini thelathini, na mahali gari lilipokamatwa pameandikwa: Chalinze, Kibaha, Kibaha tena, Morogoro. Gari ambalo niliapiwa halijawahi kutoka Kanda ya Ziwa. Kuangalia kulichukua dakika mbili. Sasa nikiona gari lolote linauzwa, hata la mtu simjui, naingiza namba kwa kujifurahisha.

Siku ya tisa wakaja wanaume wawili Mwaloni, wastaarabu tu, wakaulizia mwenye Range. Wametoka kampuni ya mikopo. Kadi halisi ninayo mimi, akasema mmoja, akaitoa kwenye bahasha. Haikupotea kwenye kuhama popote, iliwekwa rehani miezi saba iliyopita, na gari lina kifaa cha kufuatilia kilichofichwa ndani, ndiyo maana walifika mpaka meza yangu ya dagaa bila kuuliza njia. Nikawaonyesha mkataba wangu. Mmoja akausoma wote, akanirudishia kwa mikono miwili kama mtu anayerudisha rambirambi. Likavutwa kwa lori, maana siku hiyo lilikuwa limelala.

Kesi nimefungua, namba ya kesi ninayo, simu ya kijana haipatikani. Jina lake sitaandika hapa kwa sababu polisi wamesema nisiandike, na pia kwa sababu aliloniambia huenda silo. Mtu anayekuuzia gari kwa halali anakuja na wewe TRA, yeye mwenyewe aliyeandikwa kwenye kadi, na TIN yake na TIN yako, siku ya kazi. Wengi tunabaki na mkataba kabatini miaka mitatu jina halijahamishwa, tunaona ni usumbufu. Mimi usumbufu huo leo ningeulipia.

Sasa hili tangazo la jana. Picha ni ile ile ya Capri Point, jua lile lile, na ukiikuza utaona upande wa kushoto mtoto ana ndoo ya njano. Bei imekuwa milioni 44. Gari lenyewe, kwa taarifa yenu, liko yadi ya wale wenye mkopo, nililiona Alhamisi nikipita, limelala kifudifudi. Kwa hiyo safari hii anauza gari ambalo hata kuliwasha hawezi, na nahofia anachotafuta ni pesa ya kishika uchumba kwa simu, laki tano, milioni, "ili nisimpe mwingine".

Likikufikia, usimtukane, atabadilisha namba. Mpigie, ongea vizuri, mwambie pesa unayo yote, ila unataka kuja saa kumi na mbili asubuhi, boneti ikiwa ya baridi. Halafu sikiliza ana msiba wapi.