Spotlight ya London: umri unaousema uso wako

Spotlight, daftari la waigizaji lililoanza London mwaka 1927, ambamo watayarishaji hutafuta wa kuwaita kwenye usaili, lina sehemu moja ninayoithamini kuliko zote: umri wa kuigiza. Si ule wa cheti cha kuzaliwa, ni ule unaosemwa na uso. Hapo wengi hujiharibia. Mtu wa miaka 38 anaandika 20 hadi 45, basi anaitwa kwenye usaili usiomfaa, au haitwi kabisa. Andika tofauti ya miaka 8 hadi 10, na picha kuu iendane nayo: kama sura yako ni ya askari au muuguzi, ikubali, usijipodoe kama bwana harusi. Ada ya kuwemo daftarini inauma kwa anayeanza. Lafudhi, jaza zile tu unazoweza kuzitoa papo hapo, na Kiswahili usikisahau.